Walikuja na Majembe Naye Yu Hai

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza. Kama mnasomea kwenye simu, haya, someni, ila msiguseguse mambo mengine humo ndani mpaka nimalize. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, nikaachishwa, nikaja kuolewa. Kupamba maneno sijui. Naandika kwa sababu kila anayesikiliza ile albamu ya wajukuu zangu ananiuliza swali lile lile: Bibi, mbona pale katikati muziki unanyamaza? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nitajibu hapa, halafu msiniulize tena.

Nilikuwa na wajukuu wawili hapa nyumbani, watoto wa marehemu binti yangu. Mkubwa wa kiume, mdogo wa kike. Niliwalea mimi, hapa mlimani, kwenye kihamba cha mume wangu, maana yake shamba hili la nyumbani lenye migomba na kahawa, na makaburi yetu nyuma ya nyumba. Ukisimama mlangoni unaiona Arusha yote chini, mabati yanang'aa. Huko chini ndiko walikojifunza huo muziki.

Wa kiume alipiga gitaa. Wa kike aliimba, na nyimbo nyingi alizitunga yeye. Kulikuwa na kijana wa Lemara wa kupiga drams, na mwingine wa Kimandolu wa kupiga kinanda, mtoto wa Kiislamu, mpole, ndiye pekee kati yao aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Walifanyia mazoezi kwenye banda langu la kahawa, karibu na ile mashine ya mkono ya kumenyea buni. Wanauita muziki wao roki. Wimbo wao mmoja unaanza maji yangali baridi jikoni, unaisha maharage yamekaribia kuiva. Unaanza taratibu kama watu wanaotoka kanisani, mara unakimbia, mara unageuka wimbo mwingine kabisa, na ukishausahau ule wa kwanza ndipo unarudi.

Niliwaambia, "Nyie hamjui mnakokwenda."

Yule wa kike akacheka. "Tunajua, bibi. Tunazunguka mlima tu."

Sauti yake ilikuwa nzito kwa msichana. Ikipanda juu ilikwaruza kidogo, kama mlango mzuri ambao bawaba yake haijatiwa mafuta. Albamu yao ya kwanza waliirekodi studio moja huko Elerai, na watu wa mjini waliipenda kwa ajili ya sauti ile. Hata wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anayekaa ng'ambo ya mfereji na asiyempenda mtu bure, alisema, "Hizo kelele nyingine zitoeni. Mwacheni mtoto aimbe."

Halafu ukaja uvimbe kooni. Sitaki kuueleza sana. Tulianza na dawa za duka, tukaenda hospitali, tukarudi, tukaenda tena. Mwisho daktari alituweka kwenye benchi akasema wazi kwamba wakiiacha sauti, mtoto hatamaliza mwaka. Wakaitoa. Wakamwachia tundu hapa chini ya koo, na kibomba kifupi cha kupumulia. Akipumua unamsikia: hhhh, kama mtu anayepuliza kuni mbichi. Tena wakatuambia ugonjwa haujatoka. Umesimamishwa tu, na hakuna ajuaye mpaka lini.

Alirudi nyumbani na kitambaa shingoni na kibao cha kuandikia, kile cha watoto wa chekechea, na chaki. Kwenye simu aliandika pia, lakini kibao alikipenda kwa sababu aliweza kukigonga akikasirika.

Vijana hawakumtupa, niseme kweli. Lakini bendi bila mwimbaji ni nini? Wakaleta msichana mwingine. Aliimba vizuri. Mjukuu wangu alikaa kwenye kigoda ndani ya banda akamsikiliza mpaka mwisho, akampigia makofi, kisha akaenda nyuma ya nyumba kutapika. Yule msichana aliona. Hakurudi.

Kaka yake akaja na wazo la pili. Zilibaki sauti za zamani kwenye kompyuta, vipande ambavyo havikutumika. Akasema wangeweza kuzishona kwenye nyimbo mpya, na mtu asingejua. Mdogo wake akaandika kibaoni, akamgeuzia:

"Hiyo ni ya yule aliyekuwa mzima. Mimi ni huyu."

Akafuta kwa kiwiko, akaandika tena: "Pa kuimba pasiimbe mtu. Ipigwe tarumbeta. Na mimi niwemo."

Tangu siku hiyo hilo ndilo alilokuwa akilitaka, na hakutaka kingine. Hakuomba kupona. Alitaka albamu ile itoke, naye awe ndani yake jinsi alivyo, kabla hajaondoka. Kaka yake hakuelewa atakuwemo vipi. Na mimi sikuelewa.

Tarumbeta ilipatikana kwa jirani yetu mmoja mfugaji, mzee wa makamo, aliyepuliza kwenye kundi la kanisa letu la Kilutheri tangu ujana wake. Alikuja na gamubuti zake za zizini, akasimama kati ya vijana wenye nywele zilizosokotwa, akawaambia, "Mimi najua nyimbo za kitabuni tu. Hizo zenu za kurukaruka mtanisamehe." Walijaribu kumfundisha. Akipata mwendo mmoja, wao wameshauacha. Kijana wa drams alicheka mpaka akaangusha vijiti.

"Mzee, hesabu mpaka saba!"

"Saba ya nini? Kanisani tunahesabu nne na watu wanaokoka."

Hata hivyo alikuja kila walipomwita. Na muziki ukabadilika, hata mimi nililisikia hilo. Zamani nyimbo zilimfuata yule mtoto anakotaka. Sasa zilikwenda gizani zenyewe, zikipapasa. Kijana wa drams aliuchukua mlio wa mashine ya kumenyea kahawa akaufanya mwendo wa wimbo mzima. Mjukuu wangu ndiye aliyekizungusha kile kishikio, huku kaka yake akimwambia taratibu, taratibu, utachoka.

Sasa sikilizeni desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa. Huku kwetu tarumbeta haipigwi nyumbani kwa mtu hivi hivi. Ikipigwa kwa haraka, ni harusi. Ikipigwa taratibu, kuna maiti. Yale mazoezi ya kurukaruka majirani walishayazoea, hayakuwa hili wala lile. Upo wimbo mmoja tunaoujua wote, wa kumtoa mtu nyumbani kwenda kaburini. Ukiusikia ukiwa shambani, unaangalia sauti inatoka kwa nani, halafu unakwenda nyumbani kuchukua ulicho nacho. Mwanamke anabeba kuni, au ndizi, au unga. Mwanaume anachukua jembe. Hakuna anayengoja kuitwa.

Siku hiyo nilikuwa bondeni nikimkatia ng'ombe majani. Nikausikia. Ulitoka kwangu, tena taratibu kuliko ninavyoujua.

Niliuacha mzigo wa majani pale pale. Sijui nilipandaje kilima kile, na miguu yangu hii. Nilikuwa nikisema moyoni, nilimwacha amekunywa uji, nilimwacha amekunywa uji. Kufika uani, namkuta amekaa mlangoni mwa banda, shali mabegani, anagonga goti kwa chaki, anamwonyesha mzee: taratibu zaidi. Yu hai. Amependeza hata.

Nikashika fimbo ya kufukuzia kuku. "Nani kawaambia mpige wimbo huo hapa? Nani?"

Mzee wa tarumbeta akaishusha. "Mama, ni yeye kaniomba. Nilimwambia, mwanangu, huu hapana. Akaandika neno 'tafadhali' kibao kizima."

Nilikuwa bado sijamaliza kufoka. Nikasikia kilio langoni.

Wifi yangu ndiye aliyetangulia, na mkungu wa ndizi kichwani. Aliutupa, akajitupa na yeye. "Yuko wapi mtoto wangu! Sauti wameichukua, na roho nayo!" Nyuma yake wanawake wa ng'ambo ya mfereji, wenye kuni, wenye madumu ya maziwa, mmoja na kuku miguu imefungwa. Wote walijua habari za ugonjwa. Wote walikuwa wakiingoja siku hiyo, ndiyo maana walifika upesi hivyo. Hilo liliniuma kuliko kelele.

Mjukuu wangu akainuka akaenda mpaka langoni. Watu wakamwona. Kilio kikakatika, kama mtu amefunga bomba. Mwenye kuku akarudi nyuma mpaka kwenye ukingo wa mfereji. Ikabaki ile pumzi yake tu, hhhh, na wifi pale chini aliyekuwa hajainua uso, bado anaomboleza peke yake.

Akainama akamgusa bega. Wifi akainua macho.

"Yesu wangu," akasema. "Wifi, mmeniua."

"Hujafa," nikamwambia. "Simama, unalowesha kanga."

Mngedhani watu wangecheka. Kijana wa drams alianza, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Maana wakati huo alitokea jirani mmoja kutoka nyuma ya nyumba, jembe begani, jasho linamtoka, akanivulia kofia.

"Pole sana, mama. Tumeanza kuchimba pale ubavuni mwa marehemu mzee. Au mlitaka upande wa juu?"

Walikuwa wamepitia migombani, hawakupita langoni. Walikwenda moja kwa moja makaburini, kama wafanyavyo watu wema, ili wafiwa wasisumbuliwe.

Mjukuu wangu akamsikia. Akatembea. Hakuna aliyemzuia, na mimi sikumzuia. Wanaume waliokuwa wakichimba walipomwona wakaacha majembe yaanguke. Walikuwa wameshang'oa majani na kutoa tabaka la juu la udongo, urefu wa mtu. Akasimama akapaangalia. Akaangalia na kaburi la babu yake pembeni. Kisha akawageukia wale wanaume, akaonyesha kwa kidole, hapa? Mmoja wao, mtu mzima mwenye wajukuu, akalia.

Nikawaambia wafukie. Yeye akatikisa kichwa. Akaenda kwenye mpaka wa shamba, akakata matawi ya isale, ule mmea tunaoupanda mipakani na makaburini, akaja akayachomeka kwenye ule udongo mwekundu, kichwani na miguuni. Akakung'uta mikono. Basi.

Chakula kilichobebwa kwenda msibani kwetu hakirudi nyumbani. Wifi alilikumbuka hilo wa kwanza. "Sasa hizi ndizi je? Mimi sizibebi tena." Kwa hiyo tukapika. Wanawake walipika mtori wa msiba kwenye sufuria za msiba, wanaume wakakaa kwenye magogo, na wote wakala wakiangalia bakuli zao. Yeye alikaa katikati akinywa wake kidogo kidogo, kwa sababu kumeza kulimpa shida. Hakuna aliyejua cha kuzungumza. Kwenye msiba unamzungumza marehemu. Sasa marehemu ameshika kijiko, utasema nini? Mwishoni wifi akamwambia kwa ukali, "Ungekufa kweli ningekupiga," naye akatoa pumzi fupi fupi nyingi. Nikatambua kwamba ndivyo anavyocheka siku hizi. Nilikuwa sijawahi kusikia.

Walipoondoka, kaka yake akaanza kuzivuta nyaya kutoka ukutani.

"Imetosha," akasema. "Tumemzika mdogo wangu yu hai mbele ya kijiji kizima. Hakuna bendi. Hakuna albamu. Mzee, samahani, nenda nyumbani."

Mzee alikuwa ameikumbatia tarumbeta kama mtoto mgonjwa. Yule wa kinanda akasema taratibu, "Kaka, muulize mwenyewe kwanza."

"Nimuulize nini? Anataka awemo. Awemo kwa kitu gani? Ataimba na nini?" Akamgeukia mdogo wake, na sasa alikuwa akipiga kelele. "Niambie! Utaimba na nini?"

Nilitaka kumnasa kofi la shavu. Mdogo wake alikuwa karibu zaidi. Hakuandika. Alifungua kitambaa shingoni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele ya wale vijana. Akaushika mkono wa kaka yake, ule wenye sugu za nyuzi, akauweka kiganja mbele ya lile tundu. Akapumua. Akapumua tena, ndefu, taratibu, kwa mwendo ule ule wa wimbo wa msiba.

Kaka yake alisimama hivyo, mkono mbele, mpaka akakaa kwenye gunia.

Mimi nikamwambia, "Umejibiwa. Rudisha nyaya zako."

Walirekodi kesho yake, pale pale bandani, kwa sababu gari la kumpeleka Elerai lingemchosha. Ilitakiwa kimya. Nyie mnadhani shamba lina kimya? Mimi nilipewa kazi ya kuzuia dunia. Majirani niliwapelekea habari kwamba wimbo utapigwa tena na hakuna maiti. Ng'ombe nilimtia mdomo kwenye pumba. Watoto wa jirani niliwaambia atakayekohoa nitamchapa. Jogoo alikataa kuelewa, nikamkamata nikamweka kwapani ndani ya kanga, nikakaa naye mlangoni. Wifi alikuja kuangalia. Nikamwambia, "Na wewe nyamaza," naye kwa mara ya kwanza katika maisha yetu akanyamaza.

Kaka yake alisogeza maiki mpaka chini ya kidevu cha mdogo wake. Muziki wote ukaenda, drams, gitaa, kinanda, ukapanda kama mtu anayekimbia kilima, na palipofika pale ambapo zamani angeingia kuimba, wote wakaacha. Ikabaki pumzi. Inaingia, inatoka. Ina maji kidogo ndani yake. Katikati anakohoa. Baadaye kaka yake alitaka kukitoa kile kikohozi; yeye akaandika jina lake mwenyewe kibaoni, akaligonga mara nyingi mpaka chaki ikavunjika, wakakiacha. Kisha kwa mbali sana, mzee akiwa amesimama nje migombani, unaingia ule wimbo. Si yeye anayeufuata wimbo. Wimbo unamfuata yeye. Akichelewa kuvuta pumzi, tarumbeta inamngoja.

Hicho ndicho kimya mnachoniulizia. Si kimya.

Aliisikia albamu ikiwa imekamilika, mara moja, amelala chali, spika juu ya stuli. Palipofika pake alifumba macho akapumua pamoja nao. Mimi nilikaa miguuni. Sikuweza kujua ipi ni ya spika na ipi ni yake.

Alikufa msimu wa baridi, asubuhi, ukungu umeufunika mlima mpaka kwenye migomba yetu. Sikuruhusu tarumbeta ipigwe. Nilivaa viatu nikaenda mwenyewe kwa wifi. Alinikuta mlangoni kwake akaniangalia.

"Ni kweli," akaniuliza, "au ni yale mazoezi?"

Hakuwa akinikejeli. Alikuwa ananiomba.

"Ni kweli."

Akakaa chini pale pale kizingitini.

Wanaume walikuja na majembe, mara hii wakapita langoni na kuuliza kwanza kama ni kweli. Hakuna aliyeuliza wachimbe wapi. Isale ilikuwa imeshika mizizi. Kundi la kanisa lilipiga tarumbeta, lakini jirani yetu yule alisimama kati yao na yake mkononi, akaipeleka mdomoni, akaishusha. Alisema midomo imekataa.

Sasa vijana wanapanda huku kutoka mjini, wengine kutoka Dar, wanataka kuona banda, wanataka kuona mashine ya kahawa. Nawakaribisha. Shikamoo bibi, marahaba, kaeni. Juzi Jumapili tulikuwa tumejaa sebuleni, watu wa nyumbani na wageni, tunakula, albamu inapigwa. Palipofika pale, mgeni mmoja, kijana wa shule nyingi, akainyanyua simu iliyounganishwa na spika. "Bibi, naona faili limekatika hapa," akapitisha kidole, tarumbeta ikaingia.

Yeye simlaumu, hakujua. Nilimwangalia mjukuu wangu wa kiume. Alikuwa ameinamia sahani yake. Hakusema, rudisha. Na hapo nikatambua jambo ambalo nilikuwa nikilisikia bila kulijali: siku zote anapoipiga mwenyewe, chumbani kwake, muziki unakimbia kilima halafu papo hapo inakuja tarumbeta. Huwa anaruka. Kaka yake mwenyewe anamruka.

Nilimwambia mgeni arudishe nyuma. Nikasimama, nikawaambia wote waliokuwa mle ndani, wajukuu, wakwe, wifi, msichana wa kazi, na kaka yake wa kwanza:

"Katika nyumba hii wimbo huo ukianza utakwenda mpaka mwisho. Pakifika pake, anayekula ataacha kula, anayeosha vyombo atafunga maji, na mtu asipeleke mbele. Asiyeweza kuvumilia atoke nje, asimame migombani mpaka pumzi ile ipite. Lakini mlango auache wazi."